Maneno Chini ya Kitambaa

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kidole gumba cha wifi yangu. Mimi nilikuwa nimeshanyamaza, nimemaliza yangu yote, lakini kidole chake kilikuwa bado kinaandika kwenye simu yangu.

"Wifi, unaandika nini tena?"

"Nanyoosha maneno yako," akasema bila kuinua macho. "Unaongea vipande vipande. Huyu mshauri ni mtu wa ofisi, lazima aelewe."

Nikakubali. Mtu aliyeishia darasa la tano hukubali mambo mengi akiambiwa ndivyo yanavyoandikwa.

Hiyo ilikuwa Alhamisi ya kwanza. Tulikuwa tumekaa juu ya sponji kwenye stoo, wakati wa chakula cha mchana, mlango tumeurudisha kidogo. Mbele yetu ilikuwa karakana ya makochi. Randa anapasua mbao na kuunda fremu. Mimi nabandika sponji, nashona kitambaa na kukikaza kwa pini. Mzee tunayemwita Vanishi anapaka miguu ya makochi, na kazi yake ya pili ni kuchekesha watu. Wifi yangu, dada yake Randa, anakaa kwenye meza ya mlangoni akiandika oda za wateja.

Randa si jina lake. Aliitwa hivyo, kama kile chombo cha kulainishia mbao, kwa sababu hawezi kuuona ubao wenye kinundu akaupita. Mimi waliniita Sindano, kwa wembamba wangu, na kwa kuwa nikiingia mahali hakuna anayesikia. Randa ndiye aliyesikia. Kwa miaka miwili alinisikia, na sasa kadi za harusi yetu zilikuwa zimeshagawiwa.

Hapo ndipo kifua kilipoanza kunibana.

Mama yake Randa ni mwalimu mstaafu. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, hata watoto aliowazaa mwenyewe. Siku kadi zilipotoka, mbele ya shangazi zote, alisema bibi harusi atasoma maneno ya ahadi kwenye karatasi, kwa sauti, watu wote wasikie. "Mwanangu anaoa fundi wa viti," akasema huku anacheka. "Angalau tumsikie akisoma."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Usiku huo sikulala, na tangu siku hiyo nikiwa kazini ghafla moyo unaenda mbio, mikono inalowa jasho, na kitambaa kinaniteleza kama kimepakwa mafuta.

Wifi peke yake ndiye aliyejua kwamba sisomi. Aligundua siku niliposhona kochi la mteja kwa rangi ya maziwa wakati oda ilisema damu ya mzee. Hakunitangaza. Tangu hapo alikuwa ananisomea oda kwa sauti ya chini, kama vile ni umbea. Ndiye pia aliyeniambia kuna ushauri nasaha wa mtandaoni, kwamba kuna mama mmoja mtaalamu, unazungumza naye kwenye simu yako hukohuko ulipo, na siri yako haitoki.

"Unaweza kuandika au kuongea," alisema. "Ila wewe ukiongea utalia tu. Acha niandike mimi, nikusomee majibu."

Na kweli yule mshauri alinisaidia. Alhamisi ile ya kwanza alinifundisha kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, nivute pumzi, kisha niitoe polepole huku nahesabu mpaka sita. Nilikuwa najificha nyuma ya kochi, nahesabu pini badala ya namba, na kifua kinaachia. Nikamwamini. Ndiyo maana Alhamisi ya tatu, wifi aliponisomea jibu lingine, nililishika kama amri.

"Anasema hivi," wifi alisoma, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Akipandisha sauti, usibishane naye. Ondoka chumbani. Usikae naye peke yako mpaka utakapojisikia salama."

"Kasema hivyo? Kuhusu Randa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Nikafikiri. Ni kweli Randa ana sauti ya juu. Msumeno wa umeme umemla masikio tangu akiwa kijana. Akikuomba chumvi utadhani mnagombania shamba. Sikuwahi kumwogopa kwa hilo, lakini nikajiambia, mtaalamu ameona kitu ambacho mimi sikukiona. Basi kila Randa alipopandisha sauti, nikainuka nikatoka. Akiniita kuangalia fremu, natoka. Akiniambia nimependeza, na hilo pia hulisema kwa kelele, natoka. Jumapili moja nilitoka sebuleni kwa Mwalimu na kikombe cha chai mkononi, nikakinywea uani nimesimama.

Zikafika Alhamisi sita. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya harusi.

* * *

Mchana wa Alhamisi hiyo ya sita Randa alileta fremu ya kochi la watu watatu, akaiweka mbele yangu mwenyewe. Kwa kawaida husaidiwa na vijana wa kupakua mbao. Siku hiyo aliibeba peke yake, akasimama pembeni, mikono kwenye aproni.

"Iangalie vizuri kabla hujaanza," akasema.

Nikaiangalia. Mbao zilikuwa laini kama kawaida yake. Kwenye ubao wa mgongo kulikuwa na maandishi ya penseli, kama ilivyo kwenye fremu zake zote. Namba nazijua vizuri, namba hazijawahi kunisaliti. Yale mengine siku zote niliyachukulia kuwa ni kumbukumbu zake za ufundi, mbao gani, mteja gani. Nikatikisa kichwa kwamba nimeona. Nikabandika sponji, nikavuta kitambaa, nikashika stepla. Pa! Pa! Pa!

"Umeifunika!"

Nilishtuka mpaka stepla ikanidondoka.

"Umeifunika, mbele ya macho yangu!"

"Ndiyo kazi yangu," nikasema.

"Nini?"

"Ndiyo kazi yangu, kufunika."

"Kazi yako!" Akacheka cheko baya ambalo sikuwahi kulisikia kwake. "Haya. Nikisema unatoka. Nikiandika unafunika. Mimi ni nani kwako, Sindano? Mimi ni nani? Au nimekuwa sponji, ya kukaliwa tu?"

Vanishi akaacha brashi hewani. Wifi akainua kichwa kutoka kwenye daftari la oda. Mimi nikahisi kifua kinaanza, na amri ikanijia kichwani: akipandisha sauti, ondoka. Nikageuka.

"Enhe! Toka!" akafoka nyuma yangu. "Hii ni mara ya kumi na moja, nimehesabu! Mbele ya mama yangu ulitoka na kikombe chake! Unajua aliniambia nini? Aliniambia, 'Huyo msichana hakutaki, ana haya tu ya kukuambia.' Nikambishia. Nikamgombeza mama yangu mzazi kwa ajili yako!"

Nikapiga hatua moja kuelekea stoo.

"Saa kumi naenda kwake," akasema, na mara hii sauti ilimvunjika katikati. "Nikifika nitamwambia hakuna harusi. Awapigie watu simu. Wewe endelea kufunika."

Akawasha msumeno. Ule mlio ukajaa karakana nzima, na mimi nikaingia stoo.

* * *

Nikakanyaga sakafu. Nikahesabu. Sita, tena sita. Kifua kiliachia, lakini palipoachia pakaingia kitu kingine, kitu cha moto ambacho sikukizoea. Nimfuate, nimwambie nini? Nilikuwa nimefanya kila nilichoambiwa. Nimetii kama mtoto wa shule, mimi ambaye shule ilinishinda, na haya ndiyo matokeo?

Wifi akaingia mbio, akaurudisha mlango.

"Kaka ana wazimu leo. Lete simu tumwandikie mshauri, bado ni saa saba, yupo."

Nikampa. Nikasema maneno machache tu, maana ndiyo niliyokuwa nayo: "Randa anaacha harusi. Saa kumi. Nifanye nini?"

Nikanyamaza. Kidole gumba kikaendelea. Kikaenda, kikarudi, kikafuta, kikaandika tena. Nikamtazama wifi usoni. Alikuwa anajifuta machozi kwa ukingo wa mkono. Nikajiuliza, machozi ya nani hayo? Mwenye msiba si mimi?

"Karani!" bosi akaita kutoka nje. "Mteja wa makabati huyu hapa, anataka oda yake!"

Wifi akainuka haraka, simu akaiacha juu ya sponji, taa yake bado inawaka.

Sikuwahi kuisoma. Kwa wiki sita, simu yangu mwenyewe, mambo yangu mwenyewe, na sikuwahi kuinama nikajaribu. Niliinama. Nikaweka kidole chini ya herufi ya kwanza kama alivyokuwa anatufundisha mwalimu wa darasa la pili. M. U. Mu. M. E. Me.

Mume.

Nikadhani nimekosea. Nikarudia. *Mume wangu.* Jasho likanitoka. Ilinichukua muda ambao mtu mwingine angesoma gazeti zima, lakini sikuacha. Nikapanda juu, Alhamisi kwa Alhamisi.

*Mume wangu jana amevunja sahani ya tatu.*

*Hanipigi, lakini anapiga kila kitu kilicho karibu nami.*

*Miaka minne sasa. Ndugu zangu hawajui.*

Na mshauri aliwahi kuuliza, wiki ya pili: *Mwanzoni uliniambia unaogopa siku ya harusi. Sasa unaniambia kuhusu mume. Nisaidie nielewe.* Na aliyejiita mimi akamjibu: *Nilikosea kuandika.*

Chini ya hapo ndipo lilipokuja lile jibu. *Akipandisha sauti, usibishane naye. Ondoka chumbani.*

Nilikaa pale juu ya sponji. Nilimwona akilini Randa akisimama sebuleni kwa mama yake, mkono umebaki hewani, na mimi natoka na kikombe. Nilimtendea hivyo kwa ajili ya sahani ambazo hakuzivunja.

* * *

Wifi aliporudi alikuta nimesimama, simu nimeishika kifuani.

"Ameshajibu?" akauliza.

"Mume wa nani anavunja sahani, wifi?"

Rangi ikamtoka. "Umesoma?"

"Jibu nilichokuuliza."

"Sindano, punguza sauti."

"Kwa nini? Ukipandishiwa sauti si unatoka? Toka basi! Mlango huo hapo!"

Sikujua kwamba naweza kuongea hivyo. Na yeye hakujua. Akaketi kwenye sponji kama mtu aliyekatwa miguu.

"Niliandika yako kwanza," akasema. "Kila mara niliandika yako kwanza. Mstari mmoja, miwili. Halafu... simu yangu anaipekua kila jioni. Hata nikipiga kwa mama anauliza tumesema nini. Hii ilikuwa nafasi pekee. Nilisema siku ile moja tu. Yule mama akanijibu vizuri. Wifi, hakuna mtu aliyewahi kunijibu vizuri."

"Na mimi ukanisomea majibu yako!"

"Ulikuwa unaniuliza amesemaje, nami nifanye nini? Nilitaka kuyasikia kwa sauti. Nikiyasoma kimoyomoyo nilikuwa siamini."

"Ukaniacha nimkimbie kaka yako! Ulikuwepo pale kwa mama yenu. Uliniona na kikombe. Ulijua kwa nini natoka, ukaendelea kunywa chai!"

Akainamisha kichwa. "Nilijua."

"Ungeniambia tu!"

"Ningekuambia?" Naye akawaka. "Na wewe mbona hujamwambia Randa kwamba husomi? Miaka miwili, Sindano! Mimi ndiye nakusomea mpaka kadi ya harusi yako mwenyewe. Usinifundishe kusema. Wote wawili tumejificha kwenye shimo moja."

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Nikawa na hasira naye, na huruma, na hasira zaidi kwa sababu ya ile huruma. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Sikufanya hata moja. Nikaangalia simu. Pembeni ya mahali pa kuandikia kulikuwa na picha ndogo ya kipaza sauti. Kwa wiki sita ilikuwa pale. Nikaibonyeza.

"Dada mshauri," nikasema. "Ni mimi. Yule wa kwanza. Anayeogopa harusi. Mimi sina mume. Aliyekuandikia mambo ya sahani ni mtu mwingine, ni wifi yangu, alikuwa ananiandikia kwa sababu sijui kusoma vizuri. Nimefuata ushauri uliompa yeye, na sasa mchumba wangu ananiacha saa kumi. Nimekasirika. Nimekukasirikia hata wewe."

Nikaachia. Tukakaa tunaitazama ile simu kama chungu kinachotaka kuchemka. Haikupita dakika mbili, ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima, pole, na nyuma yake saa ya ukutani inasikika.

"Kumbe hii ndiyo sauti yako. Ahsante kwa kunipa. Una haki ya kunikasirikia. Niliona maneno hayalingani, nikauliza mara moja, nikajibiwa, nikaridhika. Nilipaswa kukuomba tuzungumze kwa sauti. Samahani sana. Sasa niambie wewe. Huyo mchumba akipandisha sauti, mwili wako unaogopa?"

Nikafikiri kabla ya kubonyeza.

"Hapana. Sauti yake haijawahi kunitisha. Naogopa akinyamaza. Akinyamaza nadhani sasa atanipa kitu nisome."

"Basi ulikuwa unakunywa dawa ya mgonjwa mwingine," akajibu. "Iache leo. Mimi sitakuambia uolewe au usiolewe, hilo ni lako. Nakuuliza jambo moja: ni neno gani ukilibeba hivyo mpaka siku ya harusi, litakuvunja mgongo?"

Wifi alinijibia kwa macho.

"Unalijua," sauti ikaendelea. "Hasira uliyo nayo si ugonjwa, dada. Usiimeze, na usimtupie mtu kama jiwe. Itie kwenye maneno yanayoanza na 'mimi'. Anza na lile gumu zaidi, na liwe fupi, maana refu utalikimbia katikati. Kanyaga sakafu kama nilivyokufundisha. Hilo lilikuwa lako kweli. Na huyo wifi yako, kama yupo hapo ananisikia: mlango wako upo, njoo kwa sauti yako mwenyewe. Kama leo unaogopa kurudi nyumbani, usirudi peke yako. Tuzungumze sasa hivi."

Wifi akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Nikampa simu. Bado nilikuwa na hasira naye, nataka ijulikane hivyo. Lakini nikamwekea kidole chake mwenyewe, kile kidole gumba, juu ya ile picha ya kipaza sauti.

"Sema," nikamwambia. "Na usiandike."

Nikatoka na kufunga mlango.

* * *

Msumeno ulikuwa unalia. Randa alikuwa ameinama juu ya ubao, mgongo wote umejaa vumbi la mbao, anakata kama mtu anayemkata adui. Nikapita karibu yake. Hakugeuka. Nikalifuata lile kochi, nikachukua bisibisi, nikaichomeka chini ya pini ya kwanza, nikaing'oa. Ikarukia sakafuni. Nikang'oa ya pili.

"Hee!" Vanishi akasema. "Leo Sindano anafumua. Mwisho wa dunia umekaribia."

Randa akaona. Akazima msumeno kwa ngumi.

"Sasa unaharibu kazi ya watu? Kitambaa hicho kimeshakatwa!"

Nikakanyaga sakafu. Nyayo zote mbili.

"Mimi sijui kusoma."

"Nini?"

Bila shaka hakusikia. Masikio yale, na ule mlio bado umo ndani yake. Nilikuwa nimelisema neno la maisha yangu na lilikuwa limedondoka kwenye vumbi la mbao. Hapo hasira ikanipanda mpaka utosini.

"Nimesema mimi sijui kusoma! Niliishia darasa la tano! Bibi yangu aliugua, nikakaa naye, sikurudi tena! Kadi ya harusi nilisomewa na dada yako! Oda nasomewa! Nimekuficha miaka miwili!"

Karakana yote ikageuka. Hata bosi alitokeza kichwa kutoka ofisini. Mtu mmoja nyuma ya mbao akacheka puani.

"Anayecheka atoke nje!" Randa akanguruma, na mbao zikatikisika. Hakuna aliyecheka tena. Kisha akanigeukia, macho mekundu. "Zile fremu. Zote ulizofunika..."

"Nilidhani ni vipimo."

"Vipimo! Fremu thelathini na moja, Sindano! Vipimo gani vinaanza na 'Mpenzi wangu'?"

"Mimi nitajuaje vinaanza na nini! Si ndicho ninachokuambia!"

"Nilikuuliza kama utakubali kuishi kwetu, au tutafute chumba chetu! Niliandika kwenye lile kochi la kijani, ukapiga pini juu yake! Nikakuuliza kwa nini unanikimbia, ukapiga pini! Watu wamekalia barua zangu huko majumbani mwao!"

"Na wewe una mdomo!" nikapiga kelele. "Una sauti inavuka mitaa mitatu! Unaomba chumvi dunia nzima inasikia, halafu jambo moja la maana unaliandika chini ya kochi!"

Alipojibu, alijitahidi sana kuishusha sauti, na nikaona ni kazi ngumu kwake kuliko kubeba ile fremu.

"Sauti yangu ndogo siijui tena," akasema. "Nikidhani nanong'ona, watu wanageuka. Nilitaka kukuambia taratibu. Kwenye mbao naweza kusema taratibu."

Nilimtazama. Nilikuwa bado nina hasira, lakini kile kifua changu kilikuwa kimefunguka chote.

"Mbona umenikimbia?" akauliza. "Hilo nalo ni kusoma?"

"Hilo nalo ni kusoma. Nilisomewa ushauri wa mtu mwingine, nikaufuata. Nimekosea. Nilipaswa kukuuliza wewe." Sikutaja sahani. Hizo zilikuwa za dada yake, na wakati ule ule alikuwa stoo anazitoa kwa mdomo wake mwenyewe.

Nikageukia kochi. Nikang'oa pini zilizobaki, nikavuta kitambaa, nikainua sponji. Ubao wa mgongo ukatokeza.

"Nitakusomea," Randa akasema.

"Usinisomee."

Nikapiga magoti. Nikaweka kidole chini ya herufi ya kwanza. Watu wote walikuwa wanatazama, na hicho ndicho kitu nilichokiogopa kuliko vyote maishani, kusoma mbele ya watu. Nikavuta pumzi, nikaitoa polepole.

"Ka. Ma. Kama." Nikasogeza kidole. "Ba. Do. Bado. Kama bado... u-na... una-ni... unanitaka."

Vanishi alikuwa ameshika brashi yake kwa mikono miwili, vanishi inamdondokea kiatuni.

"U-si. Usi-i. Usii..." Neno lile lilikuwa refu. Nikalirudia. Nilihisi Randa amechuchumaa karibu yangu, lakini hakunisaidia, na kwa kutonisaidia kule nilimpenda kuliko siku zote. "Usii-fu-ni-ke. Usiifunike. Hi-i. Hii."

Kama bado unanitaka, usiifunike hii.

Nami nilikuwa nimeifunika mbele ya macho yake, pa, pa, pa, kwa bidii yote.

Nikageuka. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, umejaa vumbi, na machozi yamechora njia mbili katikati ya vumbi lile. Alikuwa anasubiri. Kwa miaka miwili nilikuwa nimempa kichwa cha kutikisa, tabasamu, chai, mishono iliyonyooka. Neno lenyewe sikuwahi kulitoa. Nilidhani analijua.

"Bado nakutaka," nikasema.

"Nini?" Akanigeuzia sikio lake zuri, la kushoto.

Nikasimama. Nikavuta pumzi mpaka mwisho wa kifua, na safari hii sikuhesabu.

"Nimesema nina hasira na wewe, Randa! Na saa kumi twende wote kwa mama yako, nikamwambie mwenyewe kwamba Jumamosi ya harusi sitasoma karatasi ya mtu, nitaongea! Na nakupenda! Nakupenda, umesikia? Nimekupenda tangu fremu ya kwanza!"